Siku Tuliyowaficha Wagonjwa

Nimeshtuka mara nyingi katika maisha yangu. Nimekuta nyoka ndani ya tenga la kuku wanaoatamia. Marehemu mume wangu aliwahi kwenda mnadani kununua mbuzi akarudi na koti. Lakini mshtuko wa siku tuliyowaficha wagonjwa haujanitoka mpaka leo. Nikiwa napepeta mahindi peke yangu unanijia, naweka ungo chini, nasema, "Mama wee!" Halafu nacheka mpaka kuku wanakimbia.

Ngoja nianze na daktari, maana bila yeye hakuna kisa.

Aliletwa na mwenyekiti wa kijiji. Kijiji chetu kiko upande wa Handeni, ukitoka Segera unafuata lami kidogo halafu unaingia ndani, vumbi tupu, mashamba ya machungwa na mahindi. Mwenyekiti akaja akaniambia, "Mama, wewe una chumba kisichovuja. Tunakuletea daktari wa kukaa."

Nikapaka chumba udongo mweupe, nikatandika shuka jipya, nikachinja na jogoo. Kichwani mwangu nilikuwa namwona mzee mwenye kitambi na miwani. Bodaboda ikasimama, akashuka binti mwembamba kama fito, begi mgongoni, amekumbatia ndoo yenye kifuniko.

Nikachungulia nyuma yake. "Daktari amebaki wapi?"

"Shikamoo bibi. Ndiye mimi."

"Marahaba. Wewe ndiye nani?"

"Daktari, bibi."

Nilishtuka mpaka nikasahau kumpokea ndoo. Mtoto wa juzi! Na kwao ni Dindira, kule mlimani kwenye chai na ukungu. Dada yangu mkubwa, ambaye naishi naye tangu tulipofiwa wote wawili na waume zetu, akasema kutoka ndani, "Msambaa huyo! Mpe siku tatu, jua la huku litamyeyusha kama samli." Binti akacheka, akajibu hapo hapo, "Bibi, hata samli ikiyeyuka inabaki samli." Nikajua huyu tutaishi naye.

Mshtuko wa pili ulikuja jioni ile ile. Nimemaliza kusonga bada, ule ugali wetu wa muhogo, namkuta amefungua kitabu kinene kama tofali.

"Mjukuu wangu, unasoma nini tena? Si umeshakuwa daktari?"

"Udaktari nilishamaliza, bibi. Sasa nasomea udaktari wa familia."

"Familia ya nani?"

Akacheka. "Ya kila mtu. Kuna daktari wa moyo, kuna daktari wa macho. Mimi nasomea mtu mzima mzima, na nyumba anayolala, na anaokula nao."

Nikamuuliza nani anamlipia, maana nijuavyo mimi shule ni karo. Mimi mwenyewe niliishia darasa la pili, baba akasema inatosha kusoma jina kwenye kadi ya kliniki. Akanieleza kwamba kuna mradi. Serikali inatoa, wafadhili wanatoa, wanamlipia masomo, wanamlipa mwalimu wake anayekuja kutoka Korogwe kila wiki kuangalia anatibu vipi, wanalipia hata kile chumba changu. Sharti lao moja tu: asomee huku ambako daktari hajawahi kukaa, siyo mjini. Wanasema anayesomea mjini anabaki mjini.

Basi nilishangaa kweli kweli. Zamani zote sisi ndio tuliokuwa tunafunga safari kumfuata daktari, tena ukifika unaambiwa njoo kesho. Leo watu wanatoa hela yao ili daktari aje kujifunza kwetu! Dada akadakia, "Kwa hiyo sisi ndio daftari lake? Anajaribia kuandika juu yetu?"

"Mwalimu wangu anasahihisha kila mstari, bibi mkubwa," binti akasema. "Usiogope."

"Na sisi tuna nini cha kukufundisha?" nikamuuliza.

"Mna magonjwa. Na mna namna yenu ya kuyaficha."

Nikacheka sana siku ile. Laiti ningejua.

Maana kwetu ukiulizwa hali, unajibu njema. Hata kama nyumba inaungua, kwanza unajibu njema. Mtu anakuja msibani kwako, anauliza, "Habari za hapa?" Unasema, "Salama." Anapewa kigoda, anakaa, mnatazamana. Ndipo unasema, "Ila tumeondokewa na baba." Ndiyo adabu. Mtu hatupiwi shida mlangoni kama maji machafu, anakaribishwa kwanza.

Wiki za mwanzo yule binti alitoka patupu. Alipita nyumba kwa nyumba, kwa sababu masomo yake yanamtaka aende majumbani, siyo kungoja watu zahanati. Anauliza, "Hamjambo hapa?" Wanamjibu, "Hatujambo." Anasema asante, anakwenda zake. Nyuma yake mlango unafungwa, na mgonjwa yuko ndani amelala.

Sijui nani alimfumbua macho. Siku moja nikamwona amebadilika. Anafika, anasalimia, anajibiwa njema, halafu haondoki. Anavuta kigoda. Ukiwa unapukuchua mahindi naye anapukuchua, ukiwa unachambua mboga naye anachambua. Haulizi kitu. Anangoja. Na mtu akingojwa, jamani, "ila" lazima itoke.

Dada yangu alishikilia mwezi mzima. Dada ana kisukari, na chini ya unyayo alikuwa na kidonda alichokifunika kwa kipande cha kanga miaka miwili. Zamani alisikia hospitalini neno kukata, na tangu siku hiyo hakutaka tena kusikia habari za hospitali. Kila asubuhi daktari anamuuliza, anajibu, "Mimi? Mimi chuma." Mpaka siku moja wamekaa wawili uani wanapukuchua mbaazi, tangu asubuhi mpaka jua likaelekea kuzama, hakuna aliyesema neno. Nikasikia dada anasema polepole, "Ila huu mguu."

Tangu siku hiyo daktari akawa anakisafisha kila asubuhi kabla ya kwenda zahanati, akamfundisha dada kula, akamtafutia dawa, akamtafutia na viatu vya wazi visivyombana. Kidonda kikaanza kufunga mdomo. Dada akawa anakwenda chooni mwenyewe bila kunishika bega. Ninyi mnaosoma mnaweza mkaona ni jambo dogo. Mimi bega langu linajua.

Basi tukapata habari kwamba wenye mradi wanakuja kukagua. Wanataka kuona kama binti anastahili kuendelea kulipiwa, na kama kijiji chetu kinafaa kusomea. Daktari aliandika kwenye karatasi zake nyumba zote zenye wagonjwa wa muda mrefu anaowafuata, bila majina, nyumba tu na ugonjwa. Na utaratibu wao ni kwamba siku ya ukaguzi yeye asiwepo, ili watu waseme kwa uhuru. Siku moja kabla wakamwita Korogwe hospitalini. Akaondoka asubuhi na bodaboda, akanipungia mkono, "Bibi, wapokeeni vizuri wageni!"

Tuwapokee vizuri. Na sisi tukawapokea.

Mchana ule tulikuwa kwenye mashine ya kusaga, wanawake watupu, tumejaa unga mpaka kope. Jirani yangu mmoja akauliza, "Mnamkumbuka yule mkaguzi wa shule? Alipokuta watoto hawajui kusoma, alifokewa nani?"

"Mwalimu!" tukajibu.

"Akafanywa nini?"

"Akahamishwa!"

"Haya. Hawa wakija wakakuta wagonjwa, atafokewa nani?"

Mashine ikawa kama imenyamaza, ingawa ilikuwa inanguruma. Tukatazamana. Kweli bwana! Daktari yuko hapa miezi saba, wagonjwa bado wamejaa? Watasema anafanya kazi gani? Na mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nikasema, "Wasikute hata mmoja."

Mgeni akija unafagia uwanja. Sisi tukafagia wagonjwa.

Kazi ikaanza jioni ile ile. Kulikuwa na mzee wa Kimaasai, aliyepooza upande mmoja, boma lake liko ukingoni mwa kijiji. Wanawe wakambeba wakampeleka boma la mbali, ng'ambo ya bwawa. Mwanamke mwenye kifafa akapelekwa kwa shangazi yake. Mtoto mwenye moyo mbovu akaambiwa siku hiyo asikimbie na asikae, asimame tu karibu na mlango acheke. Na asubuhi yake dada yangu nikamwingiza stoo, nikamweka nyuma ya magunia ya mahindi.

"Yaani mimi leo nimekuwa gunia?" dada akauliza gizani.

"Nyamaza. Tunamwokoa mtoto."

"Na nikibanwa haja?"

"Nimekuwekea kopo."

Wageni wakaja watatu. Mkubwa wao alikuwa mama mnene, mtu wa Dar, kitenge safi, viatu vyake vizuri vimegeuka rangi ya vumbi letu, lakini hakulalamika. Ana karatasi mkononi. Akafika kwangu, akapiga hodi kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibuni sana."

"Habari za afya hapa nyumbani?"

"Njema kabisa. Sote wazima wa chuma."

Akaangalia karatasi. "Hapa imeandikwa nyumba hii ina mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha mguu."

Nikawaza, huyu anamtafuta ili amseme binti. Nikisema amepona, atataka kuona kovu. Nikasema, "Hapa? Hapa hajawahi kuwepo mgonjwa wa namna hiyo."

"Hajawahi?"

"Tangu nyumba ijengwe."

Akaandika. Wakati ule ule stooni ikatoka chafya. Chafya kubwa, ya vumbi la mahindi.

"Nani huyo?"

"Mbuzi," nikasema.

Yule mama akanitazama. "Mbuzi ana mafua?"

"Ni hili vumbi letu, mwanangu. Hata mbuzi linamsumbua."

Akaandika tena, sijui aliandika mbuzi. Wakanywa chai, wakala mihogo ya kukaanga, wakashukuru. Kila nyumba waliyopita wakajibiwa hivyo hivyo. Wazima, tunamshukuru Mungu. Jioni gari lao likaondoka, sisi wanawake tukashikana mikono barabarani tukapiga vigelegele. Mimi nikaingia stoo kumtoa dada, nywele zake zimejaa pumba, nikamwambia, "Tumeshinda!"

"Umeniita mbuzi," dada akasema.

Hatujamaliza kucheka, mwenyekiti huyo. Uso wake umepauka. Akasimama uani, hakukaa hata nilipomwonyesha kigoda.

"Mama, mmefanya nini?"

"Tumefanya nini?"

"Yule mama ameniambia pale kwenye gari, tena kwa masikitiko. Amesema, 'Mwenyekiti, daktari wenu ameandika wagonjwa hewa.'"

Wagonjwa hewa! Sisi neno hilo tunalijua tangu enzi za wafanyakazi hewa, majina yanapokea mishahara na watu hawapo. Mwizi ndiye anayeitwa hivyo. Mwenyekiti akaendelea, "Nyumba zote alizoandika hakuna mgonjwa. Wanasema amedanganya ili aonekane anasoma, na mwalimu wake hawamsikilizi kwa sababu naye analipwa na mradi huo huo. Kesho saa nne wanakaa kikao Korogwe. Wakikubaliana wanaacha kumlipia, anaondolewa masomoni, na nafasi inapelekwa upande wa Mazinde."

Nilikaa juu ya kinu, kitu ambacho mama yangu alinikataza tangu sijaota meno. Nilikuwa naona mdomo wa mwenyekiti unakwenda, sauti siisikii. Tulikuwa tumemwokoa hivyo hivyo mpaka tumemwangamiza. Na ni mimi niliyesema wasikute hata mmoja. Mimi!

Simu ikalia. Ni yeye.

"Bibi," sauti yake ndogo, "mmewaambia nini?"

"Tumewaambia sote wazima."

"Wote?"

"Wote, mjukuu wangu."

"Hata bibi mkubwa?"

"Nilisema ni mbuzi."

Akacheka. Wallahi alicheka, nikapata nguvu kidogo, halafu nikasikia kile kicheko kimegeuka ndani ya koo lake. Analia. Hakunigombeza hata neno moja. Afadhali angenigombeza. Akasema tu, "Basi bibi, lala salama," na jua hata halijazama.

Dada alikuwa amesikia yote. Anajifuta pumba kichwani, ametulia kuliko mimi.

"Nipelekeni Korogwe," akasema.

"Dada, mguu huo uonyeshwe mbele ya watu wasiojulikana?"

"Mguu ni wangu. Miaka nimeufunika, na mtoto wa watu akakaa na mimi mpaka nikaufunua. Kesho naufunua tena, na wewe uliyeniita mbuzi ndiye utakayeshika kitambaa."

Mwenyekiti ana fuso lake la kubebea machungwa. Usiku ule lilikuwa limeshapakiwa, linangoja alfajiri kwenda Arusha, na njia ya Arusha inapita Korogwe. Tukapita nyumba kwa nyumba kuwarudisha wale wote tuliowatoa. Watu wanashangaa, jana fichwa, leo fichuliwa! Baada ya swala ya alfajiri tukapanda. Tulikaa juu ya machungwa, tumetandika majani na mikeka. Mzee wa Kimaasai tukamwekea godoro. Akalala anatazama mbingu, upande wake mzima wa uso unacheka.

"Juzi nimebebwa kama ndama," akasema. "Leo nabebwa kama chungwa. Kesho mtanibeba kama nini, bibi?"

"Kama bwana harusi," nikamjibu.

Segera fuso likasimama kidogo. Wauza mayai na maji wakatukimbilia, wakatuona tulivyojifunika kanga, mmoja akavua kofia. "Poleni wazee. Nani amefariki?"

"Hajafa mtu," dada akamjibu kutoka juu. "Tunakwenda kuonyesha kwamba tunaumwa."

Yule muuza mayai alibaki mdomo wazi mpaka tukaondoka.

Tukafika Korogwe saa nne haijagonga. Fuso likaingia uwanja wa hospitali, wauguzi wakatoka wanadhani ajali. Daktari wetu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango wa kikao, mikono mapajani kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Alipotuona juu ya yale machungwa akasimama, akakaa, akasimama tena.

Kwa kelele zile mlango ukafunguka, yule mama wa Dar akatoka na wenzake. Akatutazama mmoja mmoja, tunavyoshushwa, tunavyoketishwa kwenye ngazi na chini ya ukuta. Akasema kwa adabu, kama mtu yeyote angesema:

"Hamjambo?"

Na sisi sote, kwa pamoja, na mzee aliyepooza, na mwenye kifafa, na dada yangu na mguu wake:

"Hatujambo!"

Yaa Rabi! Nilitaka ardhi ipasuke. Tumesafiri juu ya machungwa tangu alfajiri kuja kusema tunaumwa, na tumesema hatujambo! Yule mama akamgeukia mwenzake, akainua karatasi kidogo, kama anasema, umesikia mwenyewe.

Ndipo daktari wetu akaja mbele. "Mama," akamwambia yule mkubwa, "naomba ukae nao hapa kidogo. Na usiulize kitu."

Yule mama akasita. Akaangalia saa. Halafu akakunja kitenge chake, akakaa kwenye ngazi, karibu na mzee wa Kimaasai. Daktari akaenda kwenye fuso, akachukua machungwa pembeni ya godoro, akaomba kisu, akaanza kumenya. Anamenya anampa mtu. Anamenya anampa mtu. Hakuna anayesema. Wauguzi wamesimama, hata wao wamepewa machungwa. Nilihesabu pumzi zangu.

Mzee wa Kimaasai akatema mbegu. "Ila huu mkono," akasema, "tangu masika ya mwaka jana haunisikii. Huyu mtoto anakuja kuunyoosha. Sasa kidole kimoja kimerudi." Akakiinua kile kidole. Wote tukakitazama kama mwezi mwandamo.

Ilipotoka "ila" ya kwanza, zikamwagika. Ila mimi huwa naanguka. Ila moyo wa huyu mtoto unapiga kama ngoma. Ila, ila, ila. Yule mama wa Dar akawa anageuza kichwa huku na huku, karatasi imemlalia mapajani.

Dada akaninyooshea mguu. Nikapiga magoti, nikafungua kile kitambaa, mbele ya watu, mchana kweupe. Mgeni akainama mpaka kitenge kikagusa chini, akaangalia.

"Kilikuwa kikubwa kiasi gani, mama?"

Dada akachukua chungwa lililokatwa nusu, akaliweka pembeni ya unyayo. Kidonda sasa kilikuwa kama mbegu mbili za mbaazi.

Yule mama akaniinulia macho. Amenikumbuka. "Wewe ndiye wa jana. Huyu ndiye mbuzi?"

"Ndiye," nikasema, na machozi yakaanza. Nikamweleza yote. Habari ya mkaguzi wa shule, habari ya mwalimu aliyehamishwa, kwamba tuliona wakikuta wagonjwa watamfukuza mtoto, kwamba maneno yale niliyasema mimi, siyo mwingine, na kama kuna wa kuadhibiwa wanichukue mimi, hata wakinifungia stoo na kopo.

Nilidhani atacheka au atafoka. Hakufanya hata moja. Akaiokota ile karatasi mapajani. Akawaambia wenzake, kama anaongea na nafsi yake, "Hii karatasi tumetembea nayo vijiji vingi. Ni vingapi tumeviandika wazima tukaondoka?"

Mimi nilishtuka upya. Nilidhani ujinga ni wetu peke yetu.

Halafu akanigeukia. "Na wewe mama, hujambo?"

"Mimi sijambo."

Hakuondoka. Yeye naye amejifunza tayari! Akachukua kisu, akaanza kumenya chungwa, vibaya, linachuruzika lote. Ananitazama. Nikatazama pembeni. Nikarekebisha kanga. Jamani, kungojwa kubaya.

"Ila kichwa," nikasema. "Nyuma hapa. Tangu kabla ya mfungo. Na asubuhi naona nyota nyota."

Muuguzi akaleta mashine ya presha, akanifunga mkono, ikabana. Akaangalia. Akafungua, akanifunga mkono wa pili. Akamwita daktari wetu. Yule binti akasoma zile namba, uso wake ukabadilika kuliko nilivyowahi kuuona.

"Bibi," akasema, "nimelala kwenye nyumba yako miezi saba."

"Umelala, ndiyo."

"Kila siku nakuamkia."

"Unaniamkia ukiwa unakimbia, mjukuu wangu. Kwa watu unakaa, kwangu unapita. Na mimi nitakusumbuaje, wewe ni mtoto wa nyumbani?"

Akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Alishtuka yeye, nikashtuka mimi. Wakanilaza kwenye kitanda pale pale barazani, wakanipa dawa, wakasema kama ningekaa mwezi mwingine pengine ningepooza kama mzee. Na mzee akasema, "Tungebebwa wote kwenye godoro moja, bibi." Nikamwambia mkosa haya we, hata kwenye kitanda cha hospitali.

Wageni walirudi ndani na daktari wetu. Mlango ukafungwa. Dada alikuwa amekaa pembeni ya kitanda changu, mguu wake wazi, hajaufunika tena. Mlango ulipofunguka yule mama alitoka wa kwanza. Akasema binti anaendelea kulipiwa mpaka amalize, hapo hapo kijijini kwetu, na jina lake limesafishwa. Wakaguzi watakaokuja tena watakaa siku nzima, na watakuja na mikono ya kufanya kazi. Akamgeukia binti, akamwambia, "Na wewe andika kwenye kitabu chako: mgonjwa wa kwanza ni mwenye nyumba unayolala."

Vigelegele vilivyopigwa Korogwe siku ile! Nilitaka kupiga na mimi, muuguzi akanizuia, eti presha.

Sasa hivi nimeze dawa, nisimeze, binti anajua kabla yangu. Kila asubuhi akishamaliza mguu wa dada anakuja kwangu. "Shikamoo bibi, hujambo?" Najibu sijambo. Anavuta kigoda, anatia mkono kwenye ungo, anaanza kupukuchua mbaazi, ananingoja.

Dada anapiga kelele kutoka ndani, "Sema basi, we mbuzi, mtoto anachelewa kazini!"

Siku nyingine ninalo la kusema. Siku nyingine sina hata chembe, mzima kabisa, lakini nanyamaza tu, natazama mbali kama mtu mwenye jambo zito. Mbaazi za mwaka huu zimeisha mapema.